MTOTO ASIYELALA MCHANA

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Wazee na Wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Makina



Desturi ya Karani katika mkutano huu ni kusimama, kusoma hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka, kisha kuketi. Hesabu hizo mmekwisha kuzisikia. Leo Halmashauri imenipa kazi ya pili, nayo ni kusema habari za watoto wetu wadogo wanaoachwa tangu alfajiri hadi magharibi katika nyumba za malezi, zile ambazo hapa mtaani twaziita deikea. Katika habari hizo nyingi nimechagua moja tu, ambayo huenda wengine wenu mkaiona kuwa ndogo mno kwa mkutano wa watu wazima: mtoto asiyelala mchana, afanyweje?

Nawaombeni msicheke kwanza. Nitaonyesha ya kwamba swali hili dogo lina hatari ndani yake, na ya kwamba hatari hiyo imepata kuingia hata katika nyumba yangu mimi ninayesema.

Yafaa nianze kwa kueleza jinsi mambo yalivyo, kwani wanaume wengi tulio hapa hatujapata kuingia katika nyumba hizo saa za mchana. Nyumba yenyewe aghalabu ni chumba kimoja cha mabati, futi 10 kwa 10. Mama aendaye kufua nguo katika nyumba za watu, au kuuza bidhaa zake katika soko la Toi, hufika mlangoni kabla ya jua kuchomoza, na hulipa labda shilingi 50 au 100 kwa siku. Adhana ya Adhuhuri ikiisha kusikika, watoto hulishwa. Kisha mlezi hutandika mikeka, hushusha pazia, na kuwalaza wote. Hiyo ndiyo saa ya utulivu. Walio wengi huchukuliwa na usingizi mara moja. Lakini katika kila nyumba wapo wawili au watatu ambao macho yao hubaki wazi. Mmoja ataimba; mwingine atamvuta mwenziwe nywele; wa tatu ataomba maji, kisha choo, kisha maji tena. Mtoto mchanga huamka akalia, na akilia mmoja hulia wote.

Kwa mlezi saa hiyo si ya kupumzika. Ndiyo saa pekee aipatayo ya kuosha vyombo, kufua nepi, na kutia tonge kinywani mwake mwenyewe. Basi mtoto asiyelala huonekana kuwa adui wa nyumba nzima, na hapo ndipo makosa yaanzapo. Wengine humchapa. Wengine humtisha kwa zimwi. Wengine humfunika uso kwa blanketi ili asione mwanga. Na wengine, kama nitakavyoeleza, humpa dawa.

Wazee wetu watauliza: mbona zamani hatukusikia taabu hii? Wazee wa Kinubi, askari wa King's African Rifles, walipoanza kukaa hapa tangu mwaka 1904, hapa palikuwa pori, na jina la Kibra katika lugha yao maana yake ni msitu. Mwaka 1918 Serikali ilitangaza ekari zipatazo 4,200 kuwa mahali pao. Nyumba za siku hizo zilikuwa na baraza na ua. Mtoto aliyekataa kulala alitoka nje, akaketi kivulini karibu na bibi yake aliyekuwa akisuka kikapu, na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyeuliza afanyweje. Leo ua umekwisha kujengwa vyumba, na bibi naye yuko sokoni akitafuta riziki. Mtoto ni yule yule wa zamani. Kilichobadilika ni kwamba hana tena mahali pa kukaa macho.

Sasa tutazame usingizi wenyewe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya usingizi wa watoto wadogo. Mtoto wa miezi 4 hadi 11 yampasa kulala saa 12 hadi 16 katika siku moja. Mtoto wa mwaka 1 na wa miaka 2, saa 11 hadi 14. Na mtoto wa miaka 3 na wa miaka 4, saa 10 hadi 13. Angalieni sana ya kwamba hesabu hiyo ni ya usiku na mchana pamoja. Mtoto wa miaka 4 aliyelala saa 2 usiku akaamka saa 12 asubuhi, amekwisha kupata saa 10. Huenda asiwe na deni lolote la usingizi. Lakini mwenziwe wa umri ule ule, aliyelala saa 4 usiku akaamshwa saa 11 alfajiri ili abebwe mgongoni, amepata saa 7 tu, naye atalala mchana hata ukimpigia ngoma. Kwa hiyo swali la kwanza la mlezi lisiwe “Mbona hulali?” bali limwendee mzazi mlangoni asubuhi: “Usiku alilala saa ngapi?”

Kadhalika umri una sheria yake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020, uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, ulionyesha ya kwamba watoto wasiozidi 3 katika kila 100 huacha usingizi wa mchana kabla ya kutimiza miaka 2. Lakini wafikapo miaka 5, watoto 94 katika kila 100 huwa wamekwisha kuuacha. Katikati ya umri huo kila mtoto huacha kwa wakati wake, kama vile kila mtoto aotavyo meno kwa wakati wake. Na mwaka 2015 wataalamu wa Australia, walipopima tafiti 26, waliona ya kwamba mtoto aliyepita miaka 2, akilala mchana, huchelewa kupata usingizi usiku na hulala muda mfupi zaidi. Basi ndugu yangu unayenung'unika ya kwamba mwanao anarukaruka kitandani saa 5 usiku ilhali wewe waamka saa 10 kwenda kazini, tambua ya kwamba huenda usingizi wake ulikwisha kutumiwa mchana kwa kulazimishwa.

Najua wako watakaosema: “Sisi tulilelewa kwa amri. Mtoto akiambiwa lala, na alale.” Nawajibu kwa heshima. Amri yaweza kumfanya mtoto alale chini, afumbe macho, na afunge kinywa. Haiwezi kumletea usingizi. Mzee yeyote aliyepata kukesha akiwaza kodi ya nyumba anajua ya kwamba usingizi hauji kwa kuitwa. Ikiwa mzee mwenye mvi hawezi kujiamuru mwenyewe, tutamwadhibuje mtoto wa miaka 4 kwa kushindwa jambo hilo hilo? Tuna haki ya kumtaka atulie, lakini usingizi si jambo la kumdai.

Sasa nawaeleza yaliyonipata. Binti yangu alipokuwa na umri wa miaka 4, alikuwa hawezi kulala mchana. Kila jioni mlezi wake alilalamika, nami kila jioni nilimgombeza mtoto. Kisha malalamiko yakakoma. Mlezi akaniambia, “Siku hizi ni mtoto mzuri, analala kama wenzake.” Nilifurahi, hata nikajisifu kwa wenzangu kazini ya kwamba mtoto akikemewa vizuri hufuata.

Mama yake ndiye aliyeona. Aliona ya kwamba jioni mtoto ni mzito, mdomo umekauka, na uji hautaki. Tena Jumapili, akiwa nyumbani, halali mchana hata kidogo. Akaniambia, “Baba watoto, ni usingizi gani huu usiofanya kazi Jumapili?” Sikuwa na jibu. Tukaenda pamoja kuuliza.

Yule mama hakuficha. Alitoa chupa ya dawa ya maji ya mafua, akasema ya kwamba kila asiyelala hupewa kijiko. Hakufanya hivyo kwa ubaya wa moyo. Dawa ile aliinunua dukani bila kuulizwa neno, na hakuna aliyemwambia ya kwamba ina madhara. Alikuwa na watoto 22 na mikono miwili. Msaidizi aliyekuwa naye alikuwa ameondoka kwa kukosa mshahara. Nilipotaka kumpandishia sauti, alifungua daftari lake akanionyesha jina langu. Nilikuwa sijalipa kwa majuma matatu. Mimi, Karani, niwadaiye ninyi ada za Chama kila mwezi! Niliona haya mbele ya mke wangu. Sehemu ya mshahara wa yule msaidizi ilikuwa mfukoni mwangu. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Nami kimya kile nilikuwa nimekipenda, wala sikuuliza kimetoka wapi.

Binti yangu ni mzima, namshukuru Mungu. Lakini magazeti ya Kenya yamepata kuandika zaidi ya mara moja habari za watoto wanaopewa dawa za mafua ili walale katika nyumba za malezi za mitaa kama yetu. Wala tusidhani ya kwamba hii ni aibu ya Kibera peke yake. Katika karne ya 19, viwanda vya nguo vilipopamba moto katika mji wa Manchester na miji mingine ya Uingereza, akina mama walikwenda viwandani alfajiri na kuwaacha watoto kwa wanawake wazee. Walezi hao walikuwa na watoto wengi na malipo haba. Wakawapa dawa tamu ya maji iliyoitwa Godfrey's Cordial, ambayo ndani yake mlikuwa na afyuni. Watoto walinyamaza. Walilala hata wasiamke kula, wakakonda, na wengi walikufa. Ilifika mwaka 1868 ndipo sheria ilipoanza kuzuia afyuni isiuzwe ovyo. Walezi wale walikuwa maskini kama walezi wetu, na wazazi wale walikuwa wamechoka kama sisi. Ndiyo maana nasema, tusimtafute mwovu mmoja wa kumlaumu. Ikiwa watoto ni wengi, mikono ni michache, na baba haulizi neno, chupa itapata njia ya kuingia.

Kuhusu dawa zenyewe, mkumbuke haya. Mwaka 2004 idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilitoa onyo kali ya kwamba prometazini, dawa ya mzio iletayo usingizi, isipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka 2, kwani ilikuwa imezuia pumzi za watoto hata wakafa. Mwaka 2009 Uingereza ilikataza dawa za dukani za mafua na kikohozi zisitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka 6. Dawa ni ya ugonjwa. Kuwa macho si ugonjwa. Tena mtoto akionekana mzito wa kuamshwa, au pumzi zake ni za polepole, asiachwe “amalize usingizi”. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ya dawa ichukuliwe pamoja naye ili mganga aione.

Bwana Mwenyekiti, mtu akikataza njia moja yampasa aonyeshe nyingine. Haya nitakayosema nimeyakusanya kwa walezi wema wa hapa Makina, ambao nyumba zao zimetulia bila fimbo wala chupa.

Kwanza, saa ya utulivu ifike kwa utaratibu ule ule kila siku: chakula, choo, kunawa, pazia, hadithi fupi kwa sauti ya chini, kisha mkeka. Mtoto akiujua mwendo huo, mwili wake huanza kutulia kabla hajaambiwa. Chai ya majani isipewe watoto. Ina kitu kifukuzacho usingizi, nasi wenyewe huinywa kwa sababu hiyo.

Pili, wachanga walazwe kwa mgongo, uso wazi, mbali na miguu ya wakubwa. Uingereza ilipowafundisha wazazi jambo hilo mwaka 1991, vifo vya ghafla vya watoto wachanga vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache.

Tatu, mtoto ambaye hajalala na alale mkekani kwa nusu saa, akitulia. Asiambiwe “lala”, aambiwe “pumzika”. Nusu saa ikipita naye yu macho, aruhusiwe kuondoka polepole na kwenda upande wa mlangoni, mahali ambapo jicho la mtu mzima linamwona. Hapo apewe kazi ya kimya: vipande vya vitambaa kutoka kwa mafundi wetu wa cherehani avipange kwa rangi, kitabu cha picha, au kipande cha chaki na ubao. Vitu vidogo kama vifungo, maharagwe na vifuniko vya soda visitumiwe penye watoto wadogo, kwani huvitia kinywani na vikawakaba.

Nne, mtoto huyo asiitwe mbaya mbele ya wenzake, wala asinyimwe chakula cha jioni. Akipewa kazi ya kukunja mikeka wenzake waamkapo, atajiona ni msaidizi wa nyumba.

Tano, liwepo daftari. Mtaniwia radhi, mimi ni karani na dawa yangu ya kila jambo ni daftari. Kila mtoto aandikiwe saa aliyolala, saa aliyoamka, na kama hakulala, iandikwe hivyo bila aibu. Tena dawa yoyote isipewe ila iliyoletwa na mzazi na kuandikwa humo. Mzazi atie sahihi kila jioni. Kama mimi ningalilitazama daftari kama hilo, ningaliona ya kwamba mtoto asiyelala Jumapili analala saa 3 nzima Jumatatu, nami ningaliuliza mapema.

Lakini hayo yote yanataka mikono, na mikono inataka fedha na watu. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya kusimamia nyumba za kulelea watoto, na ni haki yetu kuikumbusha Kaunti ya Nairobi wajibu huo. Hata hivyo tukingoja bila kufanya neno, watoto wa leo watakuwa watu wazima. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo Halmashauri inawaletea maombi matatu, nanyi mtayakubali au kuyakataa.

Ombi la kwanza ni juu ya baraza ya ukumbi wetu. Kila siku ya kazi, tangu saa 7 hadi saa 9 mchana, baraza hii hukaa tupu, ina kivuli, na ina ukuta mfupi unaomzuia mtoto asitoke barabarani. Tunaomba ifunguliwe saa hizo kwa watoto wa miaka 3 na kuendelea wasiolala, wanaotoka katika nyumba za malezi zilizo karibu. Waje na mtu mzima na warudi naye.

Ombi la pili ni kwa wazee wetu, mabibi na mabwana. Tunataka wawili kwa zamu, kila siku, waketi katika baraza hiyo. Hatuwaombi kufundisha. Anayesuka aje na ukili wake. Anayejua hadithi aje na hadithi zake. Ile kazi iliyofanywa na ua wa zamani na bibi wa zamani, tunaomba ifanywe tena.

Ombi la tatu ni kwa akina baba, nami najihesabu wa kwanza. Tulipe ada ya mlezi kwa siku yake, kabla ya kulipa deni jingine. Na kila mmoja wetu, mara moja kwa mwezi, apite katika nyumba anayomwacha mwanawe, saa ya utulivu, bila kupeleka habari. Asiende kama askari wa upelelezi. Aende kama jamaa. Avue viatu, aingie, aone. Akiona mtoto mmoja yu macho karibu na mlango, anapanga vitambaa, na wenzake wamelala, ajue ya kwamba nyumba hiyo ni njema. Akikuta watoto 20 wote wamelala fofofo, mkubwa kwa mdogo, kila siku, wala hakuna hata mmoja anayejigeuza, basi asifurahi kama nilivyofurahi mimi. Na aulize.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyotumwa. Tangu siku ile nimelipa deni langu lote, na risiti ninayo. Nafurahi kuona ya kwamba, ingawa ni saa 8 mchana na jua ni kali, hakuna mzee hata mmoja aliyelala.